Kusafisha zana baada ya kazi ya epoksi: mwongozo kwa anayeanza kujenga mashua

Kila anayeanza kujenga mashua kwa mbao na epoksi huuliza maswali yaleyale: brashi husafishwa kwa kitu gani, petroli inafaa au haifai, gundi iliyoganda kwenye mkasi hutolewaje, na mikono inayonata huoshwa namna gani. Nimeyajibu maswali hayo moja moja mara nyingi, hata nikaona ni afadhali niyaweke majibu mahali pamoja kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe. Utaona kwamba sehemu kubwa ya usafi hufanyika kabla gundi haijachanganywa, na kwamba zana nyingi ambazo unadhani ni lazima zioshwe hazihitaji kuoshwa kabisa.

Jambo moja la kuelewa kwanza

Epoksi haikauki kama rangi. Rangi nyingi hukauka kwa sababu kiyeyushi kilichomo hutoweka hewani, lakini epoksi hugeuka kuwa ngumu kwa sababu sehemu zake mbili, rezini na kigumishi, huungana kikemikali, hutoa joto, na haviwezi tena kutenganishwa. Kwa mtu mwenye zana mkononi, maana yake ni kwamba gundi hupitia hali tatu. Ikiwa bado majimaji, inafutika. Ikianza kuganda na kuwa kama mpira, haifutiki tena, bali inakatwa kwa kisu na kubanduliwa. Ikishakomaa, viyeyushi kama asetoni na tina ya rangi haviiyeyushi, na kinachobaki ni joto, skrepa na msasa. Samaki hukunjwa angali mbichi, na hapa ubichi wenyewe huhesabiwa kwa dakika.

Dakika hizo si nyingi kama zinavyoandikwa kwenye kopo. Kwa makadirio ya kawaida, kila joto linapopanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, muda wa kufanyia kazi hupungua kwa karibu nusu, hivyo gundi inayokupa dakika 30 katika nyuzi 20 itakupa kama dakika 15 tu katika nyuzi 30. Aidha, gundi iliyorundikana ndani ya kopo huganda mapema kuliko ileile iliyotandazwa kwenye ubao, kwa kuwa joto lake halina pa kutokea.

Mahitaji

Andaa vitu hivi na uviweke mahali ambapo mkono unafika, kwa kuwa hutaweza kufungua kabati ukiwa umevaa glavu zenye gundi:

- Glavu za nitraili, jozi kadhaa kwa kazi moja, pamoja na miwani ya kinga na aproni.
- Siki nyeupe ya kawaida.
- Asetoni au spiriti, kiasi kidogo, katika chombo chenye kifuniko kinachobana.
- Makopo mawili ya chuma yenye vifuniko, kwa ajili ya kuoshea.
- Matambara ya pamba au karatasi za kupangusia, yaliyokwisha kukatwa vipande.
- Skrepa ya chuma, na vijiti bapa vya kukorogea ambavyo ncha zake umezikata mraba.
- Sinia pana ya chuma ya kumwagia mabaki.
- Sabuni nzito ya mikono isiyohitaji maji, kama ile wanayotumia makanika kuondoa grisi.
- Nailoni ya kutandika na mkanda wa plastiki wa kufungia maboksi.

Makopo ya kuchanganyia, bakuli na visambazio, yaani vipande bapa vya kutandazia gundi, viwe vya plastiki laini inayopinda. Epoksi haishiki vizuri kwenye plastiki za aina ya poliethilini na polipropilini, na sifa hiyo moja itakupunguzia nusu ya kazi.

Siki, asetoni, spiriti au petroli?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu kidogo. Siki haiyeyushi epoksi kama asetoni inavyofanya, lakini hupunguza mnato wa gundi iliyo bado majimaji na kuifanya iachie chuma na plastiki. Ni ya bei nafuu, haishiki moto, na harufu yake haidhuru. Kwa zana nyingi inatosha, nami huanza nayo daima. Ina mipaka miwili: chuma kilichoachwa na siki hushika kutu, hivyo ni lazima kisuuzwe kwa maji na kukaushwa, na siki haipaswi kugusa mbao za mashua au tabaka la gundi ambalo bado linakomaa, kwa sababu inaweza kuharibu mshikamano wa tabaka linalofuata.

Asetoni ina nguvu zaidi na hupenya mahali ambapo siki haifiki, kama vile kwenye ekseli ya mkasi na kati ya mbavu za rola ya chuma. Hatari yake ni moto. Mvuke wa asetoni unaweza kuwaka hata katika baridi ya kugandisha maji, na kwa kuwa ni mzito kuliko hewa, hushuka na kutuama chini. Fikiria umbo la mashua: ni bakuli. Anayeosha zana kwa asetoni akiwa ameketi ndani ya mashua anaujaza mvuke mahali alipokaa, kisha swichi moja ya taa au cheche moja ya mashine ya msasa inatosha kuleta maafa. Osha nje, au kwenye banda lililo wazi pande mbili, mbali na moto na mitambo ya umeme.

Spiriti iko katikati: ni dhaifu kidogo kuliko asetoni, haitoweki haraka kama asetoni, lakini nayo inawaka. Petroli haifai kabisa. Inaacha mafuta kwenye zana, haiondoi epoksi ipasavyo, na hatari yake ya mlipuko haina faida yoyote ya kuihalalisha.

Kabla ya kuchanganya gundi

Funika kila sehemu ya zana ambayo haina sababu ya kuguswa na gundi. Zungushia mkanda wa plastiki kwenye mpini wa rola, kwenye mikono ya mkasi na kwenye midomo ya klampu, yaani vibanio vya kushikilia mbao. Gundi ikidondokea hapo, utabandua mkanda na kazi itakuwa imekwisha. Skrubu ya klampu ipakwe nta kidogo kwenye meno yake, lakini angalia nta hiyo isifike kwenye mbao, kwa kuwa gundi haitashika mahali penye nta. Tandika nailoni sakafuni na juu ya meza. Kati ya klampu na mashua weka kipande cha nailoni, la sivyo utaigundi klampu kwenye mashua yenyewe. Karibu kila mjenzi imewahi kumtokea mara moja, na kwa kawaida huwa mara moja tu.

Hatua za kusafisha

1. Ukibakiwa na dakika chache kabla gundi haijaganda, simamisha kazi na ugawe zana katika mafungu matatu: zinazotupwa, zinazoachwa zigande, na zinazooshwa sasa hivi. Fungu la kwanza lina brashi za bei ya chini, sponji za rola na glavu. La pili lina makopo ya plastiki, visambazio na bakuli. La tatu ni mkasi, visu, rola ya chuma ya kutolea viputo, skrepa na klampu. Anayeanza kwa kuosha makopo hupoteza wakati wa mkasi.

2. Mimina gundi iliyobaki kwenye sinia pana, katika tabaka jembamba lisilozidi nusu sentimita. Usiiache ndani ya kopo. Kopo lenye gundi nyingi hupata joto la kuyeyusha plastiki na kutoa moshi mchungu usiofaa kuvutwa. Ukikuta kopo limeanza kuwa la moto, lipeleke nje mara moja, liweke juu ya zege au mchanga, na usiliguse hadi lipoe.

3. Chomoa sponji ya rola kwenye mpini wake wakati gundi ingali laini. Ikigandia humo, utaipoteza rola nzima. Sponji yenyewe iweke nje igande. Usijaribu kuiosha, kwa sababu itakunywa kiyeyushi kingi kuliko thamani yake na bado haitakuwa safi.

4. Kwangua kabla ya kuosha. Tumia kijiti chenye ncha ya mraba kuondoa gundi kwenye skrepa, visu na mkasi, kisha pangusa kwa tambara kavu. Hatua hii wengi huiruka, wakachovya zana yenye gundi tele moja kwa moja kwenye asetoni, na matokeo yake asetoni yote inageuka uji na zana inabaki na utando unaonata. Baada ya kukwangua vizuri, kilichobaki ni utando mwembamba ambao siki kidogo kwenye tambara itaumaliza.

5. Osha zana za chuma kwa njia ya makopo mawili. Kopo la kwanza lina kiyeyushi kilichokwisha kutumika, na la pili lina kiyeyushi safi. Chovya zana katika la kwanza, isugue kwa brashi ndogo, ipanguse, kisha isuuze katika la pili. La kwanza likichafuka mno, la pili huchukua nafasi yake na unajaza jipya. Funika makopo yote mawili mara tu unapomaliza. Uchafu utazama chini baada ya siku moja au mbili, nawe utaweza kumimina taratibu sehemu ya juu iliyo safi na kuitumia tena.

6. Mkasi utunze peke yake. Ufungue na kuufunga mara kadhaa ukiwa ndani ya kiyeyushi ili gundi itoke kwenye ekseli, ondoa nyuzi za faibaglasi zilizonasa, ukaushe, kisha tia tone la mafuta ya mashine kwenye ekseli. Kabla ya kukata kitambaa cha faibaglasi tena, pangusa mafuta hayo yaishe kabisa, kwa kuwa yakigusa kitambaa yatazuia gundi isishike.

7. Brashi nzuri, kama umeamua kuiokoa, ikamuliwe kwa karatasi mara nyingi iwezekanavyo, ioshwe mara tatu katika kiyeyushi kinachobadilishwa kila mara, kisha ioshwe kwa sabuni na maji ya moto na kuanikwa hadi ikauke kabisa. Maoni yangu ni kwamba kazi hiyo haistahili, isipokuwa kwa brashi ya kupakia vanishi ambayo hata hivyo haikupaswa kutumiwa kwenye epoksi. Ikiwa unataka kuitumia brashi ileile kwa tabaka la pili baada ya saa chache, ifunge ndani ya nailoni na uiweke kwenye friza isiyohifadhi chakula. Baridi itaichelewesha gundi bila kuisimamisha.

8. Pampu za rezini na kigumishi usizioshe kila siku. Ziache ndani ya makopo yake, futa midomo yake kwa tambara kavu, na uzifunike vumbi lisiingie. Kila pampu iwe na alama ya chombo chake, kwa sababu pampu zikibadilishana, masalio ya kigumishi yatagandisha rezini ndani ya bomba na hapo hakuna usafi utakaoiokoa.

9. Kagua mashua kabla ya kuondoka. Tafuta matone na michirizi chini ya viungo, uiondoe kwa kijiti cha mraba au kisambazio. Hapa usitumie siki wala asetoni: huisambaza gundi ikiwa nyembamba na kuisukuma ndani ya nyuzi za mbao. Tone lililosahauliwa, ambalo sasa lingekugharimu sekunde mbili, kesho litakugharimu nusu saa ya msasa.

10. Vua glavu kwa kuzigeuza ndani nje, kisha osha mikono kwa sabuni ya makanika, ipanguse, na umalizie kwa sabuni ya kawaida na maji. Kama gundi imekugusa ngozi, ondoa kwanza kwa karatasi kavu, halafu tumia sabuni hiyohiyo.

11. Anika matambara yenye asetoni nje, moja moja, hadi yakauke, ndipo uyatupe. Usiyarundike kwenye pipa lenye kifuniko. Tope la chini ya kopo la kuoshea lisimwagwe kwenye mtaro, ardhini wala majini. Lipelekwe panapopokelewa taka za kemikali. Gundi ya kwenye sinia ikishakuwa ngumu inaweza kutupwa kama taka ngumu za kawaida.

12. Siku ya pili rudi kwenye fungu ulilolitenga. Minya makopo ya plastiki na upinde visambazio: gundi iliyokomaa itapasuka na kutoka vipande vipande, nawe utakuwa na chombo safi bila kutumia tone la kiyeyushi. Vaa miwani, kwa kuwa vipande hivyo vina ncha kali kama kioo na huruka.

Makosa yanayoumiza

Kosa kubwa kuliko yote ni kunawa mikono kwa asetoni au tina. Kiyeyushi huondoa mafuta ya asili ya ngozi na kuirahisishia kemikali ya gundi kupenya. Epoksi ambayo haijakomaa husababisha mzio wa ngozi, na mwili ukishaizoea kama adui haurudi nyuma: upele na mwasho huja kwa kiasi kidogo zaidi kila mara, na wapo mafundi waliolazimika kuacha kazi hii kwa sababu hiyo. Jambo hili huja polepole, kwa hiyo yule anayesema kwamba amefanya kazi miaka mingi bila glavu na hakuna kilichompata hatoi ushahidi wowote juu ya mwaka ujao.

Pia kumbuka kwamba glavu nyembamba za nitraili zinakinga dhidi ya gundi, lakini asetoni huzipenya ndani ya dakika chache. Ukiosha kwa asetoni, badilisha glavu mara kwa mara, au tumia za mpira wa butili.

Usichanganye siki wala asetoni na dawa ya kuondolea madoa yenye klorini. Siki na dawa hiyo hutoa gesi ya klorini, na asetoni na dawa hiyo huweza kutoa klorofomu. Kopo la kuoshea lisiwe lililowahi kuwa na dawa hiyo.

Mwisho, usipige msasa gundi ambayo ni ngumu kwa kuigusa lakini haijakomaa. Vumbi lake bado lina kemikali hai, huziba msasa, na ni hatari kwa mapafu na ngozi. Subiri muda uliotajwa na mtengenezaji, na uvae barakoa ya kuzuia vumbi.

Matatizo na namna ya kuyatatua

*Mkasi umegandiana.* Utie kwenye maji yanayochemka kwa dakika kadhaa, katika sufuria ambayo haitapikiwa tena. Epoksi inayokomaa katika joto la kawaida hulainika inapopashwa moto, na huko huanza chini ya kiwango cha kuchemka kwa maji. Utoe kwa koleo, ufungue taratibu, ukwangue ungali wa moto, na urudie. Mashine ya kupuliza hewa moto hufanya kazi hiyohiyo kwa zana kubwa, lakini isimame mbali kiasi kwamba gundi isitoe moshi wala kubadilika rangi. Moto wa mwali usitumike.

*Klampu imeshikamana na mashua.* Usiigonge kwa nyundo kubwa, kwani itang'oka na utepe wa mbao. Ipashe chuma cha klampu moto polepole hadi gundi iliyo chini yake ilainike, kisha ingiza kisambazio chembamba na kuibandua.

*Skrubu ya kushikilia kwa muda haitoki.* Weka ncha ya chuma cha kulehemu risasi juu ya kichwa chake kwa dakika moja hivi. Joto litashuka kupitia skrubu, gundi iliyoizunguka itaachia, na bisibisi itaizungusha bila kuvunja kichwa.

*Zana bado inanata baada ya siku mbili.* Gundi hiyo haikuchanganywa vizuri au vipimo vilikosewa, na haitakomaa hata ukingoja. Ikwangue yote na upanguse kwa asetoni. Ikiwa gundi ya mchanganyiko huohuo ipo kwenye mashua, nayo ni lazima iondolewe vivyo hivyo.

*Kuna utando laini kama nta juu ya gundi iliyokomaa.* Hilo si kosa lako. Ni zao la baadhi ya vigumishi vinapokutana na unyevu na hewa, nalo huyeyuka kwa maji. Osha kwa maji safi na sponji ya kusugulia, kausha, ndipo upige msasa. Ukianza na msasa utausukuma ndani na kuuziba msasa wenyewe.

*Rezini kwenye pampu imekuwa na ukungu au chembechembe kama sukari.* Imeganda fuwele kutokana na baridi. Weka chombo chake ndani ya maji ya moto ya takriban nyuzi 50, kifuniko kikiwa kimelegezwa, na ukoroge hadi iwe angavu tena.

*Gundi imemwagika kwenye nguo.* Ikiwa ni mbichi, ifute kisha sugua kwa siki, nguo ikiwa imeshavuliwa mwilini. Asetoni inaweza kutoboa baadhi ya vitambaa vya viwandani. Ikiwa imekomaa, nguo hiyo sasa ni ya kazi.